Alama moja na ukili wa Mama

Wawi, Jumapili

Wiki nzima nimetafuta kosa kwenye hesabu zangu za kwaki, na aliyeliona ni Mama!

Alasiri alikuwa barazani anasuka ukili, ule utepe mrefu wa kushonea mikeka, akauliza mchoro wangu ni wa nini. Nikamwambia ni kwaki mbili, chembe ndogo mno zilizo ndani ya kiini cha atomu. Zikiwa karibu, kila moja iko huru, kama haimjui mwenzake. Zikiachana, kinachozifunga ndiyo kwanza kinakaza.

"Mbona mstari wako unashuka?"

Nikatazama. Unashuka kweli, na ulitakiwa upande kadiri chembe zinavyoachana! Nimeandika kujumlisha pahala pa kutoa, na kesho nampelekea msimamizi wangu sura hii ya tasnifu. Niliona haya mpaka nikacheka.

Na mimi mtu mzima sikuhitaji karatasi kulijua hilo, liko humu humu nyumbani. Mama mdogo Zuwena alipokuwa jirani yetu, kila mmoja alikuwa na shughuli zake, yeye na Mama hata salamu walisahau. Wakagombana kwa ajili ya vyama, kila mmoja na chake, Zuwena akahamia Mtambile. Tangu uchaguzi hawasemi. Zamani Mama akisuka, Zuwena akishona mikeka. Sasa hakuna wa kushona, na Mama hajaacha kusuka. Bunda la ukili limeziba dirisha la jiko.

"Nani ataushona wote huu, Mama?"

Akanuna. Kisha akasema bila kunitazama:

"Kesho si unapita Mtambile? Mpelekee. Mwambie sijamsamehe."

"Haya."

"Na ncha asiifunge. Ukili mwengine unakuja."