Paka Huyu Hashikiki

Kwa Mama mpendwa,

Molo kukoje? Na kile kifua chako, baridi imekiachia kidogo? Mimi bado niko Ruiru, hapa Kamakis, na ninapumua, zaidi ya hapo sina la kujisifia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu sauti yangu ungeijua mara moja na kuanza kulia kabla sijasema.

Mama, nina paka. Usicheke. Kuna daktari wa mifugo kule Thika ambaye huokota paka waliotupwa na kuwapa watu wawalee mpaka wapate wa kuwachukua kabisa. Akanipa mmoja aliyetoka kwenye bucha ya Witeithie. Nikamwita Karao, kama polisi, maana hakosi kukukamata. Kumbe alikuja na ugonjwa wa mashilingi, yaleyale ya ndama wetu, vipara vya mviringo masikioni na mgongoni.

Dawa ninayo, ya kumnywesha na ya kumwogesha. Shida ni kumshika. Tena nilianza vibaya, kwa ukinyozi wangu. Nilichukua mashine yangu kuukuu, nikamnyoa mlangoni penye mwanga, kisha nikampaka spiriti kama ninavyompaka mteja kisogoni. Mama, alilia huyo! Tangu hapo akiona mkono wangu anajificha nyuma ya mtungi wa gesi. Nilijaribu kumfunga kwa leso yako, akairarua.

Jirani aliyeniona hakunyamaza. "Ati huyo kinyozi ananyoa paka na ile mashine ananyoa nayo watoto wetu! Ngai!" Si kweli, mashine ya kazini haijawahi kutoka kazini. Lakini sasa na mimi nimetokwa na kipele cha mviringo mkononi, nani ataniamini? Mdosi wangu, mwenye duka la kinyozi, ameniambia, "Buda, enda home kwanza. Urudi ukipona." Mama mboga ananiwekea sukuma kwenye kiti nichukue mwenyewe, asinikaribie.

Nikampigia daktari aje amchukue paka wake. Akasema, "Nikimleta hapa atawaambukiza paka wote, na sina pa kumtenga. Itabidi nimdunge sindano alale asiamke tena." Amenipa mpaka Jumamosi ijayo nimnyweshe dawa au nimpeleke. Mama, nimeshindwa kabisa. Jana niliketi sakafuni na chupa mkononi nikalia, naye akinitazama kutoka nyuma ya mtungi, anatetemeka. Hana kosa lolote. Mimi ndiye niliyemchoma.

Ndipo nikakukumbuka. Ulikuwa unampigia goti ndama, unamfunika macho, unamwimbia kwa ile sauti yako ya chini mpaka anatulia, nami napaka dawa. Kazi ile ni ya watu wawili, na hapa nilipo sina wa pili.

Nisalimie Cucu, umwambie mjukuu wake bado anasali kabla ya kula. Msalimie dada yangu mwalimu, na asiwasomee wanafunzi wake habari hizi. Yule jirani anayekusaidia kukamua msalimie kwa heshima, kisha mwombe akuangalilie ng'ombe siku chache.

Maana nakuomba uje, Mama. Barua hii nimempa dereva wa gari la Molo, naye atakuleta nalo huku ukikubali. Njoo kabla ya Jumamosi unishikie paka. Halafu unishike na mimi kidogo, kwa sababu huku watu wameacha kunipa mkono.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Kamau