Kijibwa Uliyetaka Tumnunulie Baba

Kwa fundi cherehani,
Ghorofa ya juu,
Mkabala na stesheni.

Jumapili, tarehe 12, mwezi wa nane.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na watoto, bado wanaikumbuka sura ya shangazi yao, au wananijua kwa picha tu? Kile kikohozi ulichoniandikia kimepona? Kama hakijapona usinidanganye, maana ukiwa mgonjwa mwandiko wako huegemea upande mmoja na mimi nauona.

Sisi hapa tu wazima. Mgongo wangu unalalamika kama kawaida, maana ni msimu wa sare za shule na cherehani haipumziki. Shemeji yako yupo, bado anaendesha treni za mizigo na bado anakoroma nazo. Mpwa wako amenipita kimo, na siku hizi akitaka kuniomba kitu hunishika begani kama mzazi wangu.

Barua yako niliipata, pamoja na ile picha uliyoikata gazetini na pesa za kumnunulia Baba kijibwa wa mbegu safi. Najua umengoja jibu miezi miwili na umeshaanza kuninunia. Nuna tu, lakini soma mpaka mwisho, maana jambo lenyewe halikwenda kama nilivyodhani.

Nianze na Baba mwenyewe. Tangu tumzike Mama alikuwa hatoki nje. Asubuhi anavaa shati, anafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, halafu anakaa mbele ya meza yake ya saa, na saa hatengenezi. Ile lenzi yake ya kubana jichoni ilikuwa inaota vumbi. Daktari alisema wazi kwamba mzee huyu asipotembea, miguu itamgomea kabla ya mwaka kwisha. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikajifanya nimesahau sukari dukani ili aifuate yeye. Wapi!

Basi barua yako ilipofika, nisikufiche, kwanza nilikasirika. Ulituma jiko, ukatuma simu, ukatuma redio, na sasa mbwa! Nikajisemea, mtoto huyu atatuma kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Halafu hasira ikashuka. Nikamkumbuka Kiraka, yule mbwa koko uliyekuwa ukimficha chini ya kitanda, na Baba akijifanya hamwoni huku anamrushia mifupa. Nikaona labda umesema kweli. Mbwa lazima atolewe nje, mtu apende asipende, na Baba hajapata kukimbia kazi.

Duka la wanyama liko nyuma tu ya mtaa ninakonunua nyuzi. Lina dirisha kubwa la kioo, na ndani yake vijibwa wanne walikuwa wamelala juu ya karatasi zilizochanwachanwa, taa inawawakia mchana kutwa. Mwenye duka ni mama nadhifu, mwenye sauti laini, anayejua shida yako kabla hujaisema. Akanipakatisha mmoja wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Loo, mdogo wangu! Aliingiza pua kwapani mwangu akasinzia. Mimi niliyejiapiza kwamba nakwenda kutazama tu, nikayeyuka pale pale.

Akanionyesha na cheti cha ukoo, chenye muhuri na majina ya mababu wa mbwa huyo mpaka vizazi vinne. Sisi wenyewe mababu zetu hatuwajui mpaka huko.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa mafundi cherehani. Badala ya kuuliza maswali, nilivua tepu shingoni mwangu nikampima: shingo, kifua, mgongo. Nikaandika vipimo kwenye daftari la wateja, nikamwomba mwenye duka aniwekee wiki mbili mpaka nimalize sare, nikarudi nyumbani nikamshonea koti kwa suruali kuukuu ya Baba. Nikaacha na nafasi ya kukua. Mbwa si wetu bado, nguo yake iko tayari!

Unakumbuka Mama alivyokuwa akituambia tukienda naye sokoni? Nguo hainunuliwi mpaka ipinduliwe. Uzuri wa nje ni wa muuzaji, mshono wa ndani ndio wako. Miaka thelathini nimekula kwa maneno hayo, na mbele ya sikio moja lililolala nikayasahau yote.

Wiki hizo mbili nyumba iligawanyika. Shemeji yako alishangaa kwa nini tununue mbwa wakati stesheni imejaa mbwa wasio na mwenyewe, tena wanaojua ratiba ya treni kuliko yeye. Mpwa wako alikuwa upande wa kijibwa, tena alishamwambia kila mtu shuleni. Mimi nilijitetea kwamba mbwa wa mbegu safi unajua atafikia kimo gani na atakuwa na tabia gani, na mzee hahitaji mambo ya kumshtukiza. Bado nadhani hoja hiyo si mbaya. Lakini Baba mwenyewe hakuna aliyemwuliza, eti tunamfanyia jambo la kumshangaza.

Nikarudi dukani na koti langu. Kijibwa alikuwepo dirishani, rangi ileile, sikio moja limesimama, jingine limelala. Nikamvisha. Koti likampwaya mpaka akalivua kwa kutembea tu. Nikadhani nimekosea kukata, na unajua aibu hiyo ingenila wiki nzima, kwa hiyo nikatoa tepu. Kifua kilikuwa kimepungua vidole viwili. Nikapima mgongo, nao umefupika. Mdogo wangu, mtoto anaweza kuumwa akakonda, lakini mgongo haurudi nyuma. Huyu hakuwa yule.

Mwenye duka akashikilia kwamba ni yuleyule. Nikamwambia, mama, tepu hii imepima maharusi walionidanganya kuhusu viuno vyao, na haijakosea hata mmoja. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Ndipo akakiri kwamba yule wa kwanza alishikwa na kikohozi akarudishwa kwa mfugaji, na mfugaji akaleta ndugu yake mdogo wa tumbo moja. Cheti ni kilekile, akasema, kwa hiyo sijapoteza kitu. Alisema kama mtu anayekubadilishia kifungo.

Nilisimama pale nimempakata huyo wa pili, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ni rahisi kusema mwache, lakini yeye alikuwa ananilamba kidole. Nikimnunua nimemwokoa mmoja, sawa. Ila dirisha lile halikai tupu. Kesho yake angewekwa mwingine mahali pake, na aliyemwagiza ningekuwa mimi, kwa pesa zako. Nikamrudisha. Nilitoka na koti mkononi na cheti mkobani, kwa sababu yule mama alinisihi nikakisome nyumbani nibadili mawazo. Nililia njia nzima, mpaka mwuza magazeti akaniuliza nani amefariki.

Baba akaniona macho, ikabidi nimweleze yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza alichukua lenzi yake, akaifuta vumbi kwa shati, akaibana jichoni na kukisoma kile cheti kama anavyofungua saa, polepole, bila kugusa asichokijua. Halafu akaweka kidole kwenye jina la mama wa vijibwa. Ana miaka mitano, akasema, na huu ni mzao wake wa saba. Yeye yuko wapi?

Mimi niliyefunzwa kupindua nguo sikuwa nimeuliza hilo.

Kuhusu kijibwa mwenyewe alisema maneno machache ambayo nayaandika kama alivyoyasema. Alisema kijibwa ataishi miaka kumi na tano, na yeye ana sabini na tisa. Nikifa, akasema, atakaa mlangoni ananingoja, na kungoja si mchezo, mimi najua kulivyo. Baada ya hapo akaomba viatu vyake. Nilivitafuta nusu saa, maana havikuwa vimeguswa tangu mazishi.

Anwani ya mfugaji ilikuwa kwenye cheti. Kesho yake tukapanda basi mpaka nje kabisa ya mji. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na jitu katili, nikamkuta mtu wa kawaida, amechoka, ana ndoo ya maji kila mkono. Nyuma ya nyumba yake kuna vizimba vya waya vimepangwa viwili viwili kwenda juu, na sakafu yake ni waya vilevile. Yule wangu wa kwanza alikuwa ameshakufa. Mfugaji aliniambia hivyo huku anaendelea kumwaga maji.

Mama yao alikuwa kizimba cha mwisho. Manyoya yamemtoka tumboni, matiti yananing'inia, na kwa kuwa mzao wa saba ulikuwa haba, wiki hiyo alikuwa aondolewe. Kuondolewa vipi, sikutaka kusikia. Baba alipiga magoti kwa shida, akapitisha vidole kwenye waya. Mbwa hakubweka. Akaweka kidevu chake juu ya vidole vya Baba na kufumba macho. Mfugaji alisema kama tunamtaka huyo tumchukue bure, tutampunguzia kazi. Basi mbegu safi umeipata, mdogo wangu, ila imeshatumika.

Tulipofika nyumbani mbwa alipanda ngazi kwa kubebwa na shemeji yako, akaletwa mpaka kizingitini, akagoma. Mlango wazi, chakula kipo ndani, haingii. Hajawahi kukanyaga sakafu ya nyumba maishani mwake. Mpwa wako alitaka kumvuta, Baba akakataa katakata. Akaleta kiti chake cha meza ya saa, akakiweka mlangoni, akaketi. Siku mbili mbwa alikaa kwenye mkeka juu ya ngazi, na Baba kitini, na mlango haukufungwa mchana wote. Majirani waliopita walidhani tunapaka rangi.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, akaweka mguu mmoja ndani. Baba hakugeuza hata kichwa. Akaweka wa pili. Shemeji yako alikuwa anakula, akaacha kijiko, akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alitania, lakini niliona anajifuta macho.

Baba amempa jina la Dakika, kwa sababu ukimwita hukutazama kwanza kama anasema ngoja dakika. Wanatoka asubuhi na jioni mpaka kwenye taa za barabarani na kurudi. Meza ya saa imefutwa, na juzi alimtengenezea mwuza magazeti saa yake. Lile koti halimwingii Dakika hata kichwani. Nimelitundika msumarini, nilitaka kulifumua nikashindwa.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie gauni lake nimelikata, bado mikono. Wabusu watoto. Shemeji yako anakusalimu, na mpwa wako anasema mjomba asisahau alichomwahidi. Ni nini, amekataa kuniambia.

Sasa kuhusu pesa zako. Zipo kwenye kopo la vifungo, hazijaguswa. Sote tunajua kwa nini hukuja kumzika Mama. Karatasi zako za kuishi huko ugenini zilikuwa mezani kwa watu, ungetoka usingerudi, na ulilia kwenye simu mpaka nikashindwa kukusikiliza. Hakuna anayekulaumu hapa, mdogo wangu, wala Baba. Acha kutulipa kwa majiko na redio. Nilimwuliza Baba nikuandikie nini kuhusu zawadi yako. Alikuwa anamfuta Dakika miguu. Akasema, mwambie mbwa nimepata, hizo ziwe nauli.

Nami niongeze moja ambalo yeye hakulisema. Dakika ameingia ndani wiki ya tano sasa, anapita mlango huo kama mwenye nyumba. Lakini kile kiti Baba hajakiondoa mlangoni.

Mungu akulinde barabarani, uwe unakwenda au unakuja.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikikugombeza,

Fundi wa ghorofa ya juu