Ndakala ya Pulchérie

Kando ya mto Mutambala, karibu na Baraka
Februari 2002

Mdogo wangu mpendwa Pulchérie,

Nakusalimu kutoka nyumbani, nikiomba barua hii ikukute mzima pamoja na shemeji Jacques na watoto huko kambini Lugufu. Je, homa ya yule mdogo imepoa? Sisi tunapumua. Baba magoti yanamsumbua, lakini kila asubuhi anajikokota mpaka mtoni. Mume wangu Bonaventure anakusalimu sana, tena zaidi ya inavyofaa mtu kumsalimu shemeji yake. Bunduki zimenyamaza kidogo, ndiyo maana nimempata mfanyabiashara wa boti wa kukuletea hii.

Habari kubwa ya hapa ni wewe. Usicheke. Ulivuka ziwa zaidi ya miaka mitano iliyopita, lakini jina lako halikuvuka. Tuliporudi kutoka mafichoni milimani tukiwa mifupa mitupu, ule mfereji wa mpunga mliouchimba wewe na Jacques kutoka mtoni ndio uliotulisha, sikatai. Lakini aliyebaki ni mimi. Ninayemkanda Baba magoti ni mimi. Juzi nilimpelekea ugali na sombe ya majani ya muhogo, akala, kisha akasema Pulchérie ndiye aliyejua kupika sombe. Nikatoka nje, nikaosha sahani moja mpaka mikono ikauma.

Unajua Baba ana ndoto moja tu: kuwaona ningu wakiujaza mto tena kabla hajafa. Unawakumbuka, wale wa midomo minene wanaopanda kutoka ziwani mvua zikianza, matumbo yamejaa mayai. Tulipokimbia alijifariji kwamba angalau mto utapumzika na samaki wataongezeka. Hawakuongezeka. Tukawalaumu askari waliokuwa wakivua kwa kutupa mabomu majini. Askari wakaondoka. Tukalaumu vyandarua vinavyozoa hata samaki wachanga, Baba akapita nyumba kwa nyumba na fimbo yake kuvikataza. Kila mwaka anafungua uzio wetu wa matete wa kunasia samaki mtoni, kama alivyofanya babu, ili wenye mayai wapite. Wanapita wachache, na mwaka unaofuata wanakuwa wachache zaidi. Sasa anasema labda mto umetukasirikia kwa damu iliyomwagika, na akisema hivyo anageuza uso ili nisimwone.

Sasa sikia. Mwezi uliopita tulifunga mdomo wa mfereji ili mashamba yakauke tuvune. Maji yalipokwisha, matope yakabaki yanametameta kwa samaki wadogo, urefu wa kidole, wanarukaruka. Watoto wakaja na vikapu kama kila mavuno. Wakidhani ni dagaa, wakawaita “ndakala ya Pulchérie”, na akina mama wakakushangilia: mfereji wako ulitupa mchele, tena unatupa na kitoweo! Safari hii niliokota mmoja nikamgeuza. Midomo minene, mdomo umeelekea chini. Ndakala ni wa ziwani, shambani angefikaje? Walikuwa watoto wa ningu, Pulchérie. Wanaposhuka kurudi ziwani, maji ya mfereji wako yanawavuta, wanaingia kwenye mpunga na hawatoki tena. Mwaka baada ya mwaka tumekuwa tukiwafungulia mama zao wapande, halafu tunawala watoto.

Nikwambie ukweli wangu. Kabla ya kuwahurumia samaki, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo Pulchérie amepatikana! Nikamkimbilia Baba na yule samaki mkononi. Hakumtazama hata. Akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: “Adolphine, mutoto yangu, hii wivu itakuuwa.” Nikawaendea akina mama shambani, mmoja akaniuliza, “Na vita, ni Pulchérie pia alileta?” Wakacheka mpaka wakaketi. Bonaventure akaniomba nisiendelee kumtia aibu.

Basi nimekwama. Ninachosema ni kweli, na hakuna wa kunisikia, kwa sababu kila mtu anajua ninavyokuonea wivu. Nao hawakosei. Nakuonea. Nakuonea wivu hata hapo ulipo, chini ya hema la plastiki, ukipanga foleni ya maji, na ninajua hilo ni jambo baya. Lakini wewe usiyekuwepo unapendwa kuliko mimi niliyepo, na sijui dawa yake.

Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo nimelitafuna wiki nzima kabla ya kuliandika. Mwandikie Baba. Mwambie umekaa huko, ukawakumbuka wale samaki wadogo mliokuwa mkiwaona kwenye mfereji, ukatambua kuwa ni watoto wa ningu. Mwambie mfereji ufungwe mvua kubwa zikianza, usifunguliwe mpaka wadogo wamalize kushuka. Mpunga wa bondeni utategemea mvua peke yake, na tutavuna kidogo. Nikiwaambia mimi, watanifukuza. Ukiwaambia wewe, watakubali. Jina langu usilitaje popote. Ukilitaja tu, mfereji utabaki wazi.

Najua kitakachofuata. Ningu wakirudi, Baba atasimama ukingoni akimshukuru Mungu kwa kumpa binti kama Pulchérie, na mimi nitakuwa nimemshika mkono asiteleze. Andika hivyo hivyo. Usichelewe, magoti yake hayatangoja miaka mingi.

Msalimie shemeji Jacques, na kila mtoto mshike kichwa kwa niaba yangu. Mungu awafunike mpaka tuonane upande mmoja wa ziwa.

Ni mimi, yaya yako, dada yako mkubwa,
Adolphine