Halua Niliyompelekea Tajiri Wangu

Mjukuu wangu Nuru,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Chamazi tu wazima. Mke mwenzio, yaani bibi yako, goti limetulia, ila ulimi bado.

Unauliza uache kazi ya uhasibu uliyoizoea uende kampuni kubwa, au ubaki. Mie ujanani nilikuwaga karani wa hesabu dukani kwa Mzee Salim, Temeke. Kazi tamu, kahawa na kashata kila saa nne. Kampuni kubwa ikaniita. Wiki tatu nilishindwa kumwambia. Mwisho nikanunua halua, nimwombe radhi kabla ya kuaga.

Akaifungua, akanikazia macho. "Halua? Umekuja kumposa binti yangu?"

"Hapana, Mzee! Nimepata kazi kwingine."

"Najua. Mie ndiye niliyewapa jina lako."

Nuru, nikakaa juu ya gunia la mchele bila kukaribishwa. Kumbe ananifukuza! Nikamuuliza nimekosa nini.

"Hujakosa kitu. Zamani ulikuwa ukinichosha kwa maswali kutwa nzima. Sasa mwaka umepita, hujaniuliza hata moja. Hapa huna jipya tena la kujifunza."

Tukaila ile halua pamoja, hadi ikaisha.

Basi mie sikwambii nenda, wala sikwambii baki. Ila nijibu hili: mara ya mwisho kumuuliza bosi wako swali ilikuwa lini?

Ni mie babu yako, ninayekuwaza.