Funda la Mwisho la Uji

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimefagia, nimechota maji, nimepanda maharage mistari miwili nyuma ya nyumba. Mvua ya kwanza ya maana hapa mtaani kwetu, Yoba. Kiti cha Baba Dorika bado nakipangusa. Miezi minane tangu tumzike.
Dorika amepiga simu kutoka Muyinga, kwa mumewe. Mimba yake ina miezi minane pia. Kliniki wamesema presha imepanda. Wamempa vidonge, ameze baada ya kula. Nimemwambia Mungu yupo. Sina mtoto mwingine. Mdogo wake tulimwacha Tanzania, kwenye makaburi ya kambi ya wakimbizi.

Jumanne, 7 Oktoba
Kikundi cha maombi kimekubali kufunga na kumwombea Dorika. Siku tatu, bila chakula, bila maji, kama tulivyozoea kambini. Nimempigia: ungana nasi, mwanangu. "Ndiyo, Mama." Hajawahi kunibishia.

Jumatano, 8 Oktoba
Siku ya kwanza. Kichwa kinauma. Naogopa kuliko jana. Nasali, maneno yanaishia kwenye bati.
Nimemkumbuka marehemu mume wangu na uji wake wa asubuhi. Kila mara alibakiza funda la mwisho kikombeni, Dorika akalimalizia. Hata alipokuwa msichana wa kuolewa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mama Yusufu, jirani yetu Mwislamu, fundi wa kushona, ameniita nikipita.
"Mama Dorika, midomo imekauka hivyo, unataka kumfuata mzee?"
Nikamweleza. Akaacha cherehani.
"Na Dorika naye anafunga? We! Hata sisi, Ramadhani, mwenye iko na mimba anakulaga! Na dawa yake anameza na nini?"
Vidonge ni baada ya kula. Asipokula, hamezi. Ni mimi niliyemwambia.
Simu ya Dorika haipatikani. Nimejaribu mpaka chaji imekwisha.
Jioni, baada ya kuchaji kwa Mama Yusufu, mkwe wangu Anicet amenipata. Dorika ameanguka jikoni, mwili ukitikisika wote. Yuko hospitali. Hafumbui macho.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mafuta hakuna mjini. Tangu alfajiri kituoni, gari moja tu, tangi tupu. Dereva ameniona midomo inacheza. "Mama, usiniombee mimi, ombea tangi." Watu wakacheka. Mimi nilishindwa.
Saa nane tumeondoka, tumebanana. Mpaka Karuzi niliogopa hata kusali. Nilimfungisha mgonjwa kwa jina la Mungu, sasa nimwambie nini? Baadaye nikasema: Baba, nimekosea mimi, si yeye. Mpaka Muyinga, hilo tu.
Nimekuta wameshampasua. Mtoto wa kike, mdogo mno. Anapumua. Mama yake hajaamka.

Jumamosi, 11 Oktoba
Hajaamka. Anicet hanilaumu. Amenitandikia kitenge nikae. Heri angenigombeza.
Siku tatu zimekwisha jana, bado sijala. Huku si kufunga tena. Ni woga. Muuguzi amenitazama: "Bibi, ukianguka na wewe nitakulaza wapi? Chini ya kitanda?" Nimekula ndizi moja. Nimelia nikiitafuna.

Jumapili, 12 Oktoba
Kengele ya kanisa imelia, sikwenda. Saa nne Dorika amefumbua macho. Ameuliza mtoto yuko wapi. Wamemletea.
Muuguzi ameruhusu uji mwepesi. Nimeupika nje, kwenye mafiga ya wanaouguza wagonjwa. Nimemsaidia kunywa, kisha vidonge, nikihesabu mwenyewe. Nimemwambia nilikosea. Amesema, "Nilijua wewe unaogopa, Mama. Ndiyo maana nilikubali."
Presha haijashuka vizuri. Bado naogopa. Nimemwambia Mungu hivyo hivyo, sikuficha.
Amenirudishia kikombe. Chini limebaki funda moja.
Nimelinywa.