Globu Nyeupe ya Chumba cha Eda

Jumatano, 6 Agosti
Uji wa mama. Maji yake ya kuoga. Kufagia ua. Siku ya kumi na moja tangu tumzike baba.

Globu ya chumbani kwa mama imeungua. Shangazi, dada yake baba, alinijia juu utadhani mimi ndiye niliyeiunguza. Kwao taa ya chumba cha eda haizimwi, mchana wala usiku, mpaka arobaini ipite. Zamani kilikuwa kibatari pembeni ya kitanda. Siku hizi ni globu.

Nimekwenda dukani. Mwenye duka kauliza ya kuweka wapi. Nikasema chumbani. Akanipa ndogo, ya njano. Nikaikataa, nikamwonyesha ile kubwa nyeupe. "Dada, hiyo ya saluni. Chumbani hulali na hiyo." Nikamjibu kwamba nyumba yetu naijua mimi. Nilikuwa mkali bila sababu.

Shangazi nimemwambia nimechukua kubwa ili wanaokuja kusoma Kurani waone herufi vizuri. Kanisifu. Ukweli nauandika hapa tu. Nina oda ya kofia tatu za Maulidi, zimefika nusu, na uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe siuoni kwa mwanga wa njano. Nalala chumba kimoja na mama, taa haizimwi. Nitashona mpaka nichoke.

Ijumaa, 8 Agosti
Globu ni nzuri mno. Kila kitobo cha kofia nakiona. Wageni wakiingia wanafinya macho, kisha wanasema mashaallah, kwa marehemu kuna nuru. Nimeona fahari, kama kwamba mimi ndiye nuru yenyewe.

Mama kasema macho yanamuuma. Nikamwambia ni kulia.

Jumatano, 13 Agosti
Kofia ya kwanza imekwisha.

Mama halali. Analala chali, anatazama dari. Anajifunika kanga usoni, joto linamshinda, anaifunua. Mchana anasinzia juu ya sahani. Leo mkono wake umezama wote kwenye mchuzi wa samaki. Nilicheka. Na yeye akacheka kidogo, kwa kunifuatisha. Sikupaswa kucheka.

Ijumaa, 15 Agosti
Kaniamsha. Kumekucha, kasema, kasikia adhana, anataka maji ya udhu. Dirisha lina pazia zito tangu siku ya msiba, na mwanga mle ndani ni uleule saa zote. Nikatazama simu. Saa saba usiku.

Nikamfokea. "Mama, unanitesa!" Mjane wa siku ishirini. Mama yangu.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Nimeshona vibaya, nimefumua.

Jumapili, 17 Agosti
Shangazi kaninong'oneza jikoni kwamba wajane wengine hurukwa na akili.

Nimempigia kaka Athumani, yuko Rasbura, Lindi. Nimemwambia mama anachanganyikiwa. Anafagia saa za ajabu. Anaswali swala moja mara mbili. Juzi kauliza kama baba amekula. Yote kweli. Ila niliyapanga yasikike mabaya zaidi, kwa sababu nimechoka na nilitaka anihurumie. Sikumwambia kwamba nalala saa tisa kwa ajili ya kofia.

Kaka kasema mwisho wa mwezi anakuja kumchukua, akae kwake karibu na hospitali kubwa. Eda ataimalizia huko.

Mama alisikia. Milango yetu haina siri. Kasema neno moja tu: "Eda yangu nitaimaliza ndani ya nyumba ya mume wangu. Sina ombi jingine."

Jumanne, 19 Agosti
Ile dawa ya mafua inayoleta usingizi. Ilikuwa kwenye mkoba wa baba. Nimesaga nusu kidonge, nikakoroga kwenye uji wa jioni, nikazidisha sukari. Mama alikunja uso kidogo. Akamaliza bakuli.

Kalala saa nne mfululizo. Namsaidia, nilijiambia. Halafu nikachukua kofia nikashona. Basi nani kasaidiwa?

Alhamisi, 21 Agosti
Nusu tena. Anaamka mzito, maneno yanakwama. Shangazi anatikisa kichwa. Nami natikisa changu, kwa unafiki.

Jumamosi, 23 Agosti
Umeme umekatika tangu jana mchana. Shangazi kaleta kibatari chake cha zamani, kakiweka palepale pembeni ya kitanda. Sikuweza kushona. Baada ya Isha nikajilaza, kidonge nimekisahau.

Mama kalala usiku kucha. Kaamka na adhana, adhana ya kweli, na alijua leo ni siku gani. Kaniuliza chumvi tunayo. Nilitamani kulia kwa furaha.

Nimeamua ni dawa, imebaki mwilini inafanya kazi. Ndivyo nilivyoamua.

Jumatatu, 25 Agosti
Umeme umerudi jana. Mama macho mpaka asubuhi, kaketi kitandani chini ya globu, mikono mapajani. Kaka anapiga kila siku kuuliza hali. Nimesema vilevile.

Leo nimetia kidonge kizima.

Jumanne, 26 Agosti
Kaanguka. Uani, kwenye kizingiti cha choo, asubuhi. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevimba.

Muuguzi wa zahanati kaja nyumbani. Kauliza kama kuna dawa yoyote anayotumia. Nikasema hakuna. Mama alinitazama. Kisha akatazama ukutani.

Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 28 Agosti
Kaka anakuja Jumamosi. Gari keshalipata. Kuanguka ndiko kulikomaliza mjadala, hata shangazi kakubali, kwa shingo upande. Mama anakunja kanga zake kwa mkono mmoja, anazifunga kwenye furushi, anazifungua, anazikunja upya. Angenitukana ningepumua.

Nilikwenda dukani kuchukua betri za tochi. Mwenye duka kanisalimia kisha kauliza: "Bi mkubwa analala siku hizi?" Nikamwuliza kwa nini anauliza hivyo. Akasema mkewe alipojifungua, yeye mwenyewe aliwafungia globu ile nyeupe ya kazi, taa ikawa haizimwi kwa ajili ya mtoto. Wiki nzima hawakulala, mama wala mwana. Akaitoa, akaweka ya njano, ndogo, chini, mbali na macho. "Mwili ukikaa kwenye mwanga ule mweupe unadhani bado mchana, dada. Huu wa njano unafanana na moto wa jikoni. Unauacha mwili upumzike. Si nilikwambia?"

Aliniambia. Siku ileile ya kwanza.

Nikakumbuka kibatari. Usiku ule mmoja. Nikashika kaunta.

Nimenunua ndogo kuliko zote. Nimepanda kiti mwenyewe, nikaitoa nyeupe ingali ya moto, ikaniunguza vidole. Ya njano sikuiweka darini. Nimeifunga kwenye taa ya mezani ya baba, nikaiweka sakafuni nyuma ya mlango. Sharti la shangazi limetimia, taa inawaka. Kofia nimezifungia kabatini. Uji nimeupika mtupu. Vidonge nimevitupa chooni.

Ijumaa, 29 Agosti
Kalala kidogo, kaamka, kalala tena. Si kama usiku wa kibatari. Usiku mmoja hautanitetea kwa kaka.

Nimeizunguka simu mchana kutwa. Nikimwambia ni globu tu, atanicheka. Anamchukua mama kwa sababu kaanguka, na aliyemwangusha ni mimi. Nisiposema, kesho mama anatolewa ndani ya nyumba ya mumewe akiitwa mwendawazimu, na mimi nitambebea furushi mpaka garini.

Baada ya Alasiri nimempigia. Nimesema yote. Globu nimeitaka kwa ajili ya kofia. Vidonge. Uji. Uongo kwa muuguzi. Nilisema haraka, bila kulia, kwa sababu nikilia atanihurumia na nilikwishaichuma huruma yake ya kutosha.

Kaka kasema: "Wewe, Zuhura?" Akakata.

Magharibi umeingia ujumbe. "Mama abaki. Nakuja arobaini, nimwone mwenyewe. Usinipigie." Nimestahili.

Jumapili, 31 Agosti
Usiku wa nne wa taa ya njano. Kalala tangu Isha, mkono umefungwa bandeji, mdomo wazi. Anakoroma. Sikuwahi kujua mkoromo unaweza kumfariji mtu.

Jana nilikwenda zahanati. Nilimwambia muuguzi ukweli. Kanisema mbele ya watu walioketi kwenye benchi, hakushusha sauti. Dawa ile kwa mtu wa umri wake huleta kizunguzungu na huvuruga kichwa. Basi sehemu ya kuchanganyikiwa kwake niliitia mimi kwa kijiko, halafu kaka alipopiga nikamsimulia kama ugonjwa.

Mwenye oda nimemwambia kofia ya tatu haitawahi Maulidi. Kanuna. Anune.

Alhamisi, 4 Septemba
Arobaini. Hitima imesomwa, watu wamekula, masufuria yote yako uani yananingoja.

Kaka kafika saa nne. Kanisalimia kama anavyomsalimia jirani. Kaingia kwa mama, kashika miguu yake, "Shikamoo mama." "Marahaba, Athumani. Mguu wa Salma umepona?" Salma ni binti yake mdogo, alijikwaa mwezi wa sita. Akamwuliza habari za kila mjukuu, kwa jina, mmoja mmoja, wala hakukosea. Kaka akageuka akanitazama. Akaitazama ile taa ya baba nyuma ya mlango. Hakusema kitu kwa mama, nami namshukuru, na namwogopa.

Wakati wa kuondoka kasema mama atabaki hapa, ndipo nyumbani kwake. Basi. Hapo ndipo alipoishia.

Jioni shangazi katoa ruhusa, sasa taa inaweza kuzimwa. Mama hakutaka asaidiwe. Kainama mwenyewe, kabonyeza kwa mkono mzima.

Jumamosi, 6 Septemba
Imebaki miezi mitatu ya eda.

Asubuhi mama ndiye aliyeniamsha mimi. Pazia zito nimelitoa, nimeweka jepesi. Wapita njia hawaoni ndani, mwanga unaingia. Nimeketi dirishani na kofia ya tatu. Ndivyo alivyonifundisha nikiwa na miaka tisa, kofia hushonwa mchana, jua likiwa nyuma ya bega. Nilikuwa nimejisahaulisha.

Nimekusudia tangu juzi kumwambia kuhusu vidonge. Kila nikifungua mdomo naongea habari za uzi.

Nikaweka kofia chini, nikaenda kupika uji. Akaniita kutoka chumbani, sauti ya kawaida kabisa.

"Zuhura. Uji usitie kitu, mwanangu."

Nikasimama na mwiko. Sijui nilisimama muda gani, uji ukaanza kushika chini. Nikaingia na bakuli, nikaketi kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwuliza alijua tangu lini. Tangu siku ya kwanza, kasema, ulikuwa mchungu. Nikamwuliza kwa nini basi alikuwa anaumaliza.

"Nilikuona umechoka."

Nimelia mpaka kanga yake ikalowa. Hakunibembeleza, wala hakunisukuma.

Kisha nikachota kijiko, nikaonja mimi kwanza, mbele yake. Nikampa bakuli. Akanywa polepole, akasema sukari imepungua.