Viola alienda kumuacha Boaz

Sumeya, Viola ndio ameingia nyumbani saa hii.

Si unajua alienda kumuacha Boaz? Boaz akamwambia wakutane ile hoteli ya chakula cha Kihispania huko Mugutha. Kufika, meza imejaa. Mamake Boaz, wajomba, hadi pasta wa kanisa lao. Wakamketisha huko ndani, mgongo ukutani.

Ukutani, Sumeya. Hangetoka bila wajomba wote kusimama.

Ikaletwa karai kubwa ya wali wa manjano, kamba wa baharini juu, bado wana macho. Pasta akaomba, "Asante Mungu kwa mke uliyempa Boaz." Wote wakaitikia amina.



Mama Boaz akamwinamia Viola. "Hujasema amina."

"Mama, nilikuja kumuacha."

Alimwambia mama mtu hivyo. Nilikuja kumuacha.

Mama akatafuna, akameza. Kisha akaambia wajomba wasimame, anataka Viola amsindikize choo.

Choo hawakuenda. Walienda hadi kwa geti, mama akamshika mkono. "Mimi nikiwa umri wako niliitikia amina, na sikutaka. Enda, mwanangu. Hao nitawaambia mimi."